Kumwinda Nzohe kwa Darubini: Safari ya Kitale na Bungoma kwa Mfuko Mdogo

Mpwa wangu anayeishi katika jimbo la Colorado, Marekani, alituletea siku moja kwa simu picha za maandalizi yake ya kumwinda elki kwa mara ya kwanza. Elki ni mnyama wa nchi za baridi. Dume lake huweza kupita kilo 300, na pembe zake zenye matawi huanguka kila mwaka zikaota nyingine. Mpwa wangu si tajiri. Ni dereva, ana watoto wawili, na mambo yake yote huyapanga kwa kalamu na daftari. Alikuwa ameketi darasani kujifunza usalama wa silaha, kwa kuwa jimbo lile halimpi kibali asiyekuwa na cheti. Alikuwa ameazima hema, amenunua viatu, na alikwishachora kwenye ramani mahali atakapolala.

Mwanangu wa miaka kumi na mitatu alikuwa nyuma ya bega langu akizitazama picha zile moja baada ya nyingine. Kisha akauliza, "Baba, na sisi tutakwenda kuwinda lini?"

Nilimweleza kwamba huku kwetu bunduki ya mwindaji iliwekwa chini tangu Mei 1977, serikali ya Kenya ilipopiga marufuku uwindaji wa wanyama wakubwa, na kwamba sheria ya wanyamapori ya mwaka 2013 haina mzaha na mwenye kuivunja. Nilidhani mazungumzo yamekwisha. Alinyamaza kidogo, akasema, "Basi tukamwinde mnyama bila bunduki. Tumtafute mpaka tumwone."

Nikajibu, "Inshallah."

Ndugu msomaji, nawe unajua. Neno hilo tukufu, Mungu atusamehe, mara nyingine tunalitumia majumbani mwetu kufungia mlango wa mazungumzo. Mtoto hakulipokea hivyo. Alilipokea kama ahadi. Wiki iliyofuata alianza kuuza barafu za ukwaju kwa watoto wenzake wa mtaani, na kila jioni alitia sarafu zake katika mkebe wa maziwa. Nilipousikia mkebe ule ukilia, nilijua kwamba neno langu limekwisha kuwekewa rehani.

MNYAMA WA KUTAFUTWA

Mwindaji huanza kwa kumchagua mnyama wake. Elki huku hayuko. Kusini mwa Sahara hakuna mnyama wa asili wa jamii yake. Walioko ni jamii ya swala na pofu, ambao pembe zao hazina matawi wala hazianguki. Na wengi wao, kama tulivyozoea kuwaona Tsavo, huonekana kutoka dirishani mwa gari. Mwanangu hakutaka dirisha. Alitaka mnyama wa kutafutwa kwa miguu.

Shemeji yangu, kaka yake mke wangu, ameoa Bungoma na ameishi huko zaidi ya miaka ishirini. Ndiye aliyetutajia nzohe. Huyu ni mnyama wa jamii moja na pofu, tandala na mbawala, lakini maisha yake yote huyapitisha ndani ya kinamasi. Kwato zake ni ndefu, nazo hutanuka akikanyaga, ndiyo maana hutembea juu ya tope na matete yaliyolala pale ambapo mnyama mwingine angezama. Manyoya yake yana mafuta yasiyopitisha maji. Akiogopa, huogelea, au hujizamisha mwili wote akabakisha pua tu juu ya maji. Dume ni kahawia iliyoiva na lina pembe zilizojipinda. Jike ni wekundu wa hudhurungi, halina pembe.

Nyumba yake mashuhuri nchini Kenya ni Hifadhi ya Taifa ya Saiwa Swamp, karibu na Kitale, iliyotengwa mwaka 1974 kwa ajili yake hasa. Ndiyo hifadhi ndogo kuliko zote za taifa nchini, takriban kilomita 3 za mraba. Humo gari haliingii. Mgeni hutembea kwa miguu, hupita juu ya njia za mbao zilizotandikwa kwenye kinamasi, na hupanda madungu ya mbao kama yale yaliyojengwa na wazee wetu mashambani kulindia mpunga. Kwa mwenye mfuko mdogo, hizo ni habari njema: hakuna gari la kukodi wala haja ya siku nyingi. Mlima Elgon nao uko jirani, na mapango yake ambamo ndovu huingia usiku kulamba chumvi ya miamba ni ajabu ya kuonwa. Lakini kule kungehitaji gari na gharama ambazo mkebe wa barafu usingeziweza. Tukachagua kinamasi.

TULIVYOKOSEA

Safari ya kwanza tuliifanya likizo ya Aprili, baada ya Idi. Nitaieleza bila kuipamba, kwa kuwa ndani yake mna faida kwa mwenye kutaka kwenda.

Nilikuwa nimepiga hesabu nikaona kwamba tukilala nyumbani kwa shemeji Bungoma, kodi ya chumba tutaiokoa yote. Asubuhi ya siku ya kuwinda tulisali Alfajiri, tukanywa chai, na kwa sababu ni nyumba ya mashemeji, haikuwezekana kuondoka bila kula. Tukapanda matatu hadi Webuye, tukangoja ijae. Tukapanda nyingine ya Kitale, tukangoja ijae. Kisha ya barabara ya Kapenguria, na mwisho bodaboda hadi hifadhini. Mvua ya usiku ilikuwa imeigeuza njia kuwa uji. Tulifika langoni karibu na saa sita mchana.

Mimi nilivaa kanzu nyeupe na kofia, kwa kuwa nilinuia kusali Adhuhuri huko. Na nguo zetu zote mke wangu alikuwa amezifukiza udi, kama afanyavyo kila tunaposafiri. Mwanangu alivaa viatu vya shule. Mlinzi wa langoni, mtu mpole, alitutazama kwa muda, akasema, "Karibuni. Mtaona ndege."

Tuliona ndege. Tuliona pia tumbili mwenye ndevu nyeupe na utepe wa rangi ya chungwa pajini, yule aitwaye kalasinga, ambaye ni nadra kumwona mahali pengine Kenya. Lakini nzohe hatukumwona. Mnyama huyu hutoka kula asubuhi sana na jioni; mchana hulala ndani ya matete. Saa tisa mvua ikaanza tena. Tukarudi Bungoma usiku, tumelowa, na kesho yake tukashika njia ya Mombasa.

Kwenye treni mwanangu hakulalamika. Laiti angelalamika! Alitazama nje tangu Syokimau hadi Miritini, na tulipofika nyumbani aliutoa mkebe wake mtupu mkobani akaurudisha rafuni. Shilingi 2,400 zilikuwa zake.

USHAURI WA COLORADO

Nilimwandikia mpwa wangu kumweleza. Yeye mwaka ule alikuwa amerudi milimani bila elki, akanijibu kwa maneno ambayo nimeyahifadhi: "Mjomba, nami nilikosa. Lakini mzee mmoja wa huku alinifunza kwamba mwenye pesa kidogo asibane matumizi katika vitu viwili: viatu na mahali pa kulala. Lala karibu na mnyama. Vingine vyote azima."

Nikatafakari. Nilikuwa nimeokoa kodi ya chumba, nikaipoteza safari nzima. Nilikuwa nimekata tiketi ya zaidi ya kilomita 850 kwenda, na zaidi ya 850 kurudi, kisha nikabana matumizi katika zile chache za mwisho, ambazo ndizo zilizokuwa na mnyama.

Basi safari ya pili tuliipanga upya, mimi na mwanangu tukiwa na daftari moja mezani. Jambo la kwanza lilikuwa majira. Kuanzia Desemba hadi Machi, Kitale huwa kukavu kuliko miezi mingine, na likizo ya Desemba ni ndefu. Jambo la pili lilikuwa kulala: tulitafuta chumba kwa mkulima mmoja upande wa Kipsaina, mwendo wa dakika chache tu kutoka langoni, na tukakubaliana asubuhi mbili badala ya moja, kwa kuwa mwenye kuweka matumaini yake yote katika asubuhi moja anacheza kamari, hawindi. Jambo la tatu lilikuwa miguu: gambuti, jozi mbili. La nne, nguo: shati la kijani kibichi na suruali ya kahawia, na kanzu ikakaa ndani ya mfuko kungoja Ijumaa. La tano, harufu. Mke wangu alicheka, lakini chetezo hakukiwasha. La sita lilikuwa darubini, tuliyoiazima kwa jirani yetu ambaye ni baharia mstaafu. Alitukabidhi akamwambia mwanangu, "Hii imeona Karachi na Bandar Abbas. Irudi salama."

Sweta pia hatukusahau. Kitale iko kiasi cha mita 1,900 juu ya usawa wa bahari, na mtu wa pwani aliyezoea feni hataamini baridi ya huko kabla ya jua kuchomoza.

NJIANI NA MJINI

Tuliondoka Mombasa Jumatatu kwa treni ya saa mbili asubuhi, daraja la kawaida. Tulichukua mahamri, sambusa, tende na chupa kubwa ya chai ya tangawizi, hata chakula cha njiani kikawa hakitugharimu neno. Jioni tukapanda basi la usiku kutoka Nairobi, tukapita Nakuru na Eldoret tukiwa usingizini, na Jumanne alfajiri tukashuka Kitale.

Kitale ni mji wa mkulima. Maduka yake yanauza mbegu, mbolea, vipuri vya matrekta na magunia, na kaunti yake ya Trans Nzoia huitwa ghala la nafaka la Kenya. Kuna msikiti mjini na mikahawa ya Waislamu, kwa hivyo familia haina haja ya kuhangaika na chakula. Mchana tulikwenda kwenye makumbusho ya Kitale, ambayo asili yake ni mkusanyiko wa mwanajeshi mmoja Mwingereza, Hugh Stoneham, aliyeanza kuuonyesha mwaka 1926. Huyo alikuwa mkusanyaji wa kila kitu: vipepeo, ndege, wanyama, vitabu. Mwanangu alisimama muda mrefu mbele ya wanyama waliokaushwa. "Hawa wameonekana vizuri sana," alisema, "lakini hawakutafutwa na mimi." Alasiri tukapanda matatu ya barabara ya Kapenguria, tukashuka njia panda, na bodaboda mbili zikatufikisha Kipsaina.

ASUBUHI MBILI

Kuna jambo dogo ambalo mtu wa Mombasa hana budi kulijua. Kitale iko magharibi sana ya kwetu, na jua lake huchelewa kwa dakika ishirini na zaidi. Saa kumi na mbili kamili, wakati lango linapofunguliwa, mwezi wa Desemba huko bado kuna giza jepesi. Kwa hivyo tulipata nafasi ya kusali Alfajiri kwa utulivu, kunywa chai, na kutembea hadi langoni kabla ya mwanga. Malipo ya kiingilio hufanywa kwa mtandao wa serikali, si kwa noti mkononi, nasi tulikuwa tumeyakamilisha tangu Kitale penye mtandao mzuri.

Kiongozi wetu alikuwa mwanamke wa makamo, mzaliwa wa eneo lile. Alimkagua mwanangu kuanzia kichwani hadi miguuni, akamwambia, "Kijana, umekuja kama mwindaji. Sasa kuna sharti moja. Huku hatuongei. Ukiona kitu, niguse bega."

Asubuhi ya kwanza tulikaa juu ya dungu kwa saa mbili na nusu. Ukungu ulikuwa umelala juu ya mafunjo kama pamba iliyochambuliwa. Tulisikia maji yakisogea mahali, tukasikia korongo wenye taji wakiitana, tukawaona wawili wakitua. Kalasinga walipita juu ya miti nyuma yetu. Mara moja matete yakatikisika umbali wa mita hamsini hivi, kiongozi akainua kidole, sote tukashika pumzi. Hakutoka mtu. Jua likapanda, ukungu ukaondoka, na kinamasi chote kikawa kijani kitupu.

Wakati wa kurudi nilimtazama mwanangu kwa wasiwasi. Nilimuuliza kiongozi, "Dada, kesho je?"

Akajibu, "Mzee, mimi huja kila siku na si kila siku namwona. Zamani tulikuwa tunawaona zaidi." Kisha akatuonyesha kwa mkono mashamba ya mahindi yaliyoizunguka hifadhi pande zote hadi mpakani. Alitueleza kwamba kinamasi hakina maji yake mwenyewe. Hunywa kile kinachotiririka kutoka kwa jirani. Mkulima akilima mpaka ukingoni mwa mto, udongo na mbolea huishia humo, na matete hubadilika. Lakini aliwasifu pia wakulima wa Kipsaina, ambao wameunda kikundi cha kulinda korongo na vinamasi na kupanda miti, bila ya kungoja serikali. Niliona haya kidogo. Pwani nasi tuna mikoko yetu, na wengi wetu tunaijua zaidi kama boriti na kuni.

Jioni ile nilimwambia mwanangu kwamba pengine tusimwone kabisa. Alikuwa akisafisha lenzi za darubini kwa ncha ya shati. Akasema, "Najua, Baba. Lakini safari hii tumemtafuta sawasawa." Nikapumua. Ahadi yangu ilikuwa imekwisha kulipwa nusu.

Alhamisi tulibadilisha dungu. Kiongozi alitaka upepo utoke kwa mnyama uje kwetu, akatupitisha njia ya mbao iliyokuwa na umande na utelezi, hatua kwa hatua. Hatukukaa hata nusu saa. Mwanangu aligusa bega la kiongozi, kisha langu.

Sikuona kitu. Niliona matete, kisha matete. Akaniwekea darubini machoni akanigeuza kichwa kwa mikono yake, kama daktari anavyomgeuza mgonjwa. Ndipo nilipomwona: jike, mwekundu wa hudhurungi, maji yakimfika tumboni, na mistari myeupe hafifu ubavuni. Alikuwa akila. Alivuta jani, akatafuna, akainua masikio, akasikiliza, akainama tena. Nyuma yake palikuwa na kitu kingine kidogo kilichosogea mara moja tu, na kiongozi akatuonyesha kwa vidole viwili: mama na mtoto.

Alikaa mbele yetu kiasi cha dakika saba. Hakukimbia. Aligeuka tu akaingia ndani ya mafunjo, na maji yakafunga nyuma yake. Mwanangu hakusema neno mpaka tulipofika langoni, na hata pale alinong'ona.

BUNGOMA

Mchana ule tuliteremka Bungoma kupitia Kiminini na Webuye. Safari hii niliyatazama yale niliyoyapita kwa haraka mwezi wa Aprili. Karibu na Webuye shemeji, aliyekuja kutulaki njiani, alimwonyesha mwanangu vilima vya Chetambe, ambako mwaka 1895 Wabukusu walipigana na jeshi lililoongozwa na Waingereza ndani ya boma lao lililozungukwa na handaki. Na upande wa kaskazini, pasipo na mawingu, Mlima Elgon ulikuwa umejinyoosha, mpana na wa samawati. Wabukusu huuita Masaba.

Nyumbani kwa shemeji tulikuta kuku wa kienyeji, ugali na mboga za kunde, na baba mkwe wake, mzee aliyepita miaka themanini, alikuwa amesubiri kuisikia habari. Ujanani mwake alipata kuwinda na wazee wake kwa mbwa na mikuki, kabla ya sheria kubadilika. Mwanangu alimsimulia kila kitu: upepo, dungu, umande, dakika saba. Mzee alimsikiliza mpaka mwisho, akamuuliza swali moja tu: "Masikio yake yalikuwa yanaelekea wapi?"

"Kwake mwenyewe, Babu. Kwa mtoto wake aliye nyuma."

"Basi umemwona kweli," mzee akasema, akamsogezea sahani ya kuku.

Ijumaa tulisali Bungoma. Baada ya sala, wenyeji walituuliza tunakotoka, na tuliposema Mombasa, mmoja wao akacheka akasema kwamba si mara ya kwanza watu wa pwani kufika. Ni kweli. Mumias, ambayo haiko mbali na Bungoma, ilikuwa kituo cha misafara ya pwani katika karne ya 19. Wasafiri wakiiita Kwa Sundu. Joseph Thomson alipopita huko mwaka 1883, hadi akayafikia mapango ya Elgon, alikuwa amefungamana njiani na Jumbe Kimameta, mfanyabiashara wa Pangani aliyekuwa akizijua njia zile kabla yake. Misafara hiyo ndiyo iliyoufikisha Uislamu katika ufalme wa Wanga, nao umebaki huko hadi leo. Lakini wazee wetu hawakwenda kwa dini peke yake. Walikwenda kutafuta pembe za ndovu, na walizipata. Nilipokuwa nikitoka msikitini nilifikiri juu ya hayo mawili waliyoyafanya: lile waliloliacha na lile walilolichukua. Nilishukuru kwamba mwanangu alikuwa amefika kule kule walikofika wao, na mkobani mwake hamkuwa na kitu cha mtu.

HESABU

Kwa faida ya familia itakayopenda kwenda, hii hapa hesabu yetu ya watu wawili, siku sita, kama ilivyo daftarini. Bei hubadilika, na mabasi hupandisha nauli mwezi wa Desemba, kwa hivyo ulizia kabla. Treni kwenda na kurudi, shilingi 6,000. Basi kati ya Nairobi na magharibi, kwenda na kurudi, 6,000. Chumba, usiku mbili, 3,000. Chakula mbali ya kile tulichobeba, 3,500. Matatu na bodaboda, 3,200. Viingilio na malipo ya kiongozi kwa asubuhi mbili, 4,000. Gambuti, 1,600. Jumla ni 27,300. Tulikuwa tumeweka 30,000. Baki ya 2,700 nilimkabidhi mwanangu, nikamwambia kwamba 2,400 ni zile za Aprili, na 300 ni faida ya uvumilivu. Alizihesabu mara mbili.

Mkiwa wengi, tumieni chumba kimoja na kiongozi mmoja, gharama itashuka. Mkiwa na watoto wadogo wasioweza kunyamaza, wangojeni wakue kidogo. Nendeni miezi ya ukavu, laleni karibu, ingieni mapema, na wekeni asubuhi mbili. Udi uacheni nyumbani.

Tulipofika Mombasa, bibi yake alikuwa wa kwanza kudai picha. Mwanangu alikuwa amepiga moja tu, kwa simu yangu, dakika ya mwisho. Bibi alivaa miwani, akaisogeza simu mbali, akaileta karibu.

"Mimi naona majani," alisema.

"Yuko hapo, Bibi. Angalia vizuri."

"Wapi?"

Mwanangu akaketi kando yake kitini, akachukua kidole chake, akakiweka polepole juu ya kidoa chekundu katikati ya matete.